Johnson aliacha kugombea 1968 kwa hiari yake, au alikimbia kura?

#1 Kibaraza cha Jioni

Wakuu, habari za jioni.

Jumapili tarehe 31 Machi 1968, saa tatu usiku, Rais Lyndon Johnson alikaa mbele ya kamera ofisini kwake kuwaeleza Wamarekani habari za Vietnam. Akasema anasimamisha mabomu katika sehemu kubwa ya Vietnam Kaskazini, akawaita viongozi wa huko mezani wazungumze, akagusia kodi na bajeti. Ikapita zaidi ya nusu saa. Watu wanajiandaa kuzima televisheni wakalale, ndipo akatoa lililokuwa moyoni: hatatafuta uteuzi wa chama chake kwa kipindi kingine, na hata wakimpa hataupokea.

Tukumbushane huyu ni nani. 1964 alimgaragaza Goldwater, mgombea wa Republican, kwa 61% ya kura, majimbo 44 kati ya 50. Kasaini Sheria ya Haki za Kiraia 1964, sheria ya haki ya kupiga kura 1965, na matibabu ya wazee, ile Medicare, mwaka huohuo. Miaka mitatu na nusu baada ya ushindi ule, anaaga.

Mimi nasema alikimbia. Aliona kipigo kinakuja akatoka kwa mlango wa nyuma huku anaimba amani. Rais gani anaachia kiti bila kulazimishwa? Anayepinga alete hoja, matusi hapana.

#2 Mla Bisi

Nimeshakaa. Bisi zipo, chai ipo. Endeleeni.

#3 Baharia Mstaafu

Mtoa mada uko sahihi kabisa. Johnson alishindwa kura za maoni New Hampshire na Seneta McCarthy, yule wa kuwinda wakomunisti. Ukishapigwa na mtu wa chama chako mwenyewe unangoja nini?

#4 Bi Shangazi

Baharia, umechanganya mafaili mawili.

Kwanza, mwindaji wa wakomunisti ni Joseph McCarthy wa Wisconsin, Mrepublikani, alikufa 1957. Huyu wa 1968 ni Eugene McCarthy wa Minnesota, Mdemokrati, mtu wa mashairi, mpole kupita kiasi.

Pili, Johnson HAKUSHINDWA New Hampshire. Tarehe 12 Machi alipata kama 49%, McCarthy 42%. Na jina la Johnson halikuwepo hata kwenye karatasi ya kura! Waliomtaka walilazimika kuliandika kwa mkono. Kwa hiyo rais ambaye hajajaza fomu, hajapiga kampeni, kashinda kwa kuandikwa kwa kalamu, nyinyi mnaita kipigo.

#5 Baharia Mstaafu

McCarthy ni McCarthy tu. Na rais aliye madarakani kupata chini ya nusu kwenye chama chake ni kipigo, hata uite ushindi.

#6 Bint Mtwara

Salaam wote. Naishi New Hampshire, kazi yangu ni kulea wazee majumbani. Kuna mzee mmoja nilimhudumia, mwaka huo wa 1968 alikuwa mwanafunzi wa chuo, akaja huku na wenzake kumpigia debe McCarthy. Masharti waliyopewa: ndevu nyoa, nywele kata, vaa shati la kola. Wenye nywele ndefu waliwekwa chumba cha ndani kuandika bahasha, wasionekane na wenyeji. Alikuwa na picha yake ukutani, kavaa tai na koti la kuazima mikono mirefu imefunika vidole, anacheka na theluji imefika magotini.

Aliniambia kitu kimoja sikusahau. Alibisha hodi kwa baba mmoja fundi, yule baba akasema kura nampa huyo McCarthy wenu. Kijana akafurahi, akaanza kumweleza ubaya wa vita. Yule baba akamkatiza: "Mimi sitaki vita viishe, nataka vipiganwe sawasawa. Johnson anapigana kama anaogopa."

Na hilo si la mlango mmoja. Uchunguzi wa maoni uliofanywa baadaye ulionyesha wengi waliompa McCarthy kura walikuwa wamechoshwa na Johnson tu, wengine wakitaka mabomu zaidi, si pungufu. Kwa hiyo mnaposema New Hampshire ilikuwa kura ya amani, punguzeni kidogo.

#7 Kibaraza cha Jioni

Bint Mtwara, asante. Lakini hilo linanisaidia mimi. Wapenda amani hawamtaki, wapenda vita hawamtaki. Abaki na nani?

#8 Dokta Mitishamba

Nashangaa hakuna aliyegusa afya yake. Johnson alipata shambulio kubwa la moyo Julai 1955 akiwa kiongozi wa Wademokrati Seneti, akanusurika kidogo tu. Baba yake alikufa na miaka 60. Yeye mwenyewe alikuwa anatimiza 60 Agosti 1968. Mtu ambaye ukoo wake una historia hiyo anahesabu vidole usiku.

Sasa angalieni tarehe. Kama angegombea na kushinda, kipindi chake kingeisha 20 Januari 1973. Johnson alikufa kwa moyo 22 Januari 1973. Siku mbili! Tena hapo alikuwa shambani kwake Texas anapumzika, hana Vietnam kichwani. Angebaki Ikulu angefika kweli?

#9 Mla Bisi

Hiyo ya siku mbili imenipiga. Bisi zimenikwama.

#10 Baharia Mstaafu

Sababu za kiafya! Kila mwanasiasa akibanwa anaugua. Huku kwetu wakitakiwa mahakamani wanaletwa na kitanda.

#11 Mhasibu Mkali

Mnazunguka mbuyu. Fuateni pesa.

Johnson alitaka vitu viwili kwa wakati mmoja: vita vya Vietnam na ile ndoto yake ya Jamii Kuu, shule za watoto wa maskini, matibabu, vita dhidi ya umaskini. Na hakutaka kupandisha kodi mapema, kwa sababu alijua Bunge likiulizwa lichague, litakata miradi ya maskini na kubakisha bunduki. Akaficha gharama za vita kadiri alivyoweza. Bei zikapanda. Alipokuja kuomba nyongeza ya kodi ya 10%, Wilbur Mills, mwenyekiti wa kamati ya kodi ya Bunge, akamwambia: kwanza kata matumizi.

Machi 1968 wenye dola duniani, kwa hofu kwamba dola itashuka, wakaanza kukimbilia dhahabu. Tarehe 15 Machi soko la dhahabu la London likafungwa kwa ombi la Wamarekani wenyewe. Siku tatu tu baada ya New Hampshire! Na hapohapo majenerali wanataka askari 206,000 zaidi. Askari hao wangelipwa na nini? Watu wanasoma hotuba ya 31 Machi wanaruka sehemu ya kodi kwa sababu inachosha. Mimi naona moyo wa hotuba uko humo.

#12 Bi Shangazi

Mhasibu hoja yako nzito, ila inaeleza kwa nini hakuongeza askari. Haielezi kwa nini hakugombea. Nyongeza ya kodi aliipata Juni mwaka huohuo.

#13 Mhasibu Mkali

Aliipata KWA SABABU hakugombea. Bunge lilimpa mtu anayeondoka.

#14 Mwana wa Ziwa

Habari zenu kutoka Kisumu. Mmefika bandiko la kumi na tatu na hakuna aliyetaja mtu mweusi isipokuwa kwa kupita. Ati haki za kiraia, kasaini, basi.

Sheria ya kura ilisainiwa 6 Agosti 1965. Siku tano baadaye Watts, mtaa wa weusi Los Angeles, ukawaka: watu 34 wakafa. 1967 Newark 26, Detroit 43. Johnson akaunda tume chini ya gavana wa Illinois, Otto Kerner. Ripoti ikatoka mwisho wa Februari 1968 ikisema waziwazi kwamba nchi inagawanyika kuwa jamii mbili, moja nyeusi na moja nyeupe, na kwamba taasisi za weupe ndizo zilizojenga mitaa ile ya weusi na kuitunza. Tume aliyoiunda mwenyewe! Johnson hakutaka hata kuipokea kwa sherehe. Alihisi ametukanwa: nimewapa yote haya, bado mnasema sijafanya?

Mimi nadhani hapo ndipo moyo ulipovunjika. Si wa kitabibu, Dokta, ule mwingine. Yule mtu alitaka kupendwa.

#15 Salma Kizimkazi

Mwana wa Ziwa umeanza vizuri ukaharibu mwishoni. "Nimewapa." Nani aliwapa?

Machi 7, 1965 watu walitembea Selma, Alabama, kuvuka daraja la Edmund Pettus. Askari wa jimbo wakawasubiri ng'ambo na virungu na mabomu ya machozi. Televisheni ikaonyesha. Siku nane baadaye Johnson kasimama Bungeni na muswada mkononi. Kabla ya hapo alikuwa anamwambia Martin Luther King subiri, mwaka jana tumepitisha sheria moja, nyingine itawachosha wabunge. Bila vile virungu, muswada ungekuja lini?

Na kuna kisa cha Fannie Lou Hamer. Mkulima wa pamba wa Mississippi, alifukuzwa shambani alikofanya kazi miaka mingi kwa kosa la kwenda kujiandikisha kupiga kura. 1963 akakamatwa mji wa Winona, akapigwa jela mpaka akaumia figo. Agosti 1964 akaja mkutano mkuu wa Wademokrati Atlantic City kudai kwamba ujumbe wa Mississippi ni wa weupe watupu na haukuchaguliwa kihalali. Kaketi mbele ya kamati, televisheni zote zimemwelekea, anaeleza alivyolazwa kifudifudi akapigwa. Johnson kufanya nini? Akaitisha mkutano wa waandishi wa habari Ikulu palepale, bila jambo la maana la kusema, ili kamera zimwache yule mama. Jioni vituo vikarudia maneno ya Hamer nchi nzima, kwa hiyo hila ikamrudia. Mwisho wakawapa viti viwili. Wakavikataa.

Huyo ndiye mtakayenililia kwamba alivunjika moyo.

#16 Mwana wa Ziwa

Salma, nimekusikia. Lakini marais wangapi kabla yake walisukumwa hivyohivyo na hawakusaini kitu?

#17 Mzee wa Gerezani

Wanangu, shikamooni za kwenu nimezipokea hata kama hamkuzitoa.

Nilikuwa kijana Dar enzi hizo. Mambo ya Marekani hayakuwa mbali kama mnavyodhani. Oktoba 1964 Malcolm X, yule mpigania haki za weusi wa Marekani, alikuja hapa Dar, akaonana na Mwalimu, akaonana na Abdulrahman Babu, waziri wetu. Desemba ile Babu akaenda New York kwa mambo ya Umoja wa Mataifa, akapanda jukwaa moja na Malcolm kule Harlem. 1966 akaja Robert Kennedy na mkewe, wametokea Afrika Kusini, wakapita kwetu na Kenya. Marehemu baba alikuwa na redio ya mbao, betri zake anaanika juani zirudi nguvu, jioni majirani wanajaa ukumbini. Johnson alipotangaza kuacha, nakumbuka mzee mmoja fundi cherehani alisema, "Ho Chi Minh kamtoa rais wa Marekani bila kupanda ndege," yaani yule kiongozi wa Vietnam Kaskazini. Watu wakapiga makofi.

Hayo ndiyo maelezo yetu ya mtaani wakati ule, na bado nayaona yana uzito kuliko haya ya dhahabu.

#18 Kibaraza cha Jioni

Shikamoo mzee. Huyo fundi cherehani nampa kura.

#19 Mla Bisi

Shikamoo mzee wangu. Na Muhammad Ali ulimwona alipokuja?

#20 Mzee wa Gerezani

Marahaba. Huyo alikuja 1980, kitu kingine hicho. Rais Carter alimtuma atushawishi tususie Olimpiki ya Moscow. Mwalimu hakumpokea. Waandishi wakamuuliza maswali mpaka akaonekana anajiuliza mwenyewe kwa nini ametumwa. Sisi vijana tulitaka ngumi, si siasa. Lakini kumbukeni huyohuyo Ali, Aprili 1967 alikataa kuitwa jeshini kwenda Vietnam, wakamnyang'anya ubingwa. Kumtuma yeye kazi ya serikali kulikuwa kichekesho.

#21 Ya Kisangani

Bandugu, muko munasema Johnson wa haki za kiraia. Sisi wa Kisangani tunamujua mwingine. Novemba 1964, juma chache tu kisha kura yake, ndege za Marekani zilileta wabelgiji wa miavuli hapa, wakati mji ungali Stanleyville. Malcolm X aliongea sana juu ya ile mambo. Muandike na hii.

#22 Mlinzi wa Jukwaa

Mada ni kwa nini Johnson hakugombea. Ali na Kongo fungueni nyuzi zao. Ya Kisangani, wa kwako nitausoma wa kwanza.

#23 Msomi wa Mabibo

Nimesoma yote (kazi hiyo!). Naona watu mnaruka mtu mmoja: Robert Kennedy.

Johnson na Bobby walichukiana tangu mkutano wa chama wa 1960, Bobby alipojaribu kumzuia asiwe mgombea mwenza wa kaka yake. Halafu John Kennedy akauawa Dallas Novemba 1963, Johnson akala kiapo ndani ya ndege, na tangu siku ile akaishi na hofu moja: kwamba historia itamwona kama mlinzi wa zamu aliyeshika kiti mpaka Kennedy mwingine aje. Tarehe 16 Machi 1968, siku nne baada ya New Hampshire, Bobby akatangaza anagombea. Siku kumi na tano baadaye Johnson kaaga. McCarthy angeweza kumvumilia. Kennedy, hapana.

#24 Mwana wa Ziwa

Huku Kenya jina la Kennedy lilikuwa dhahabu kuliko hiyo ya Mhasibu. 1960 mfuko wa familia yao ulitoa dola 100,000 kusaidia ndege za wanafunzi za Tom Mboya. Kuna wazee huku Nyanza wana picha ya JFK sebuleni karibu na ya Yesu. Picha ya Johnson sijaiona kwa mtu.

#25 Bi Shangazi

Msomi, nadharia yako tamu lakini kalenda inaikataa. Johnson alikuwa na maneno ya kuaga TAYARI mwezi Januari. Alipanga kuyasema mwishoni mwa hotuba ya hali ya taifa tarehe 17 Januari 1968, msaidizi wake wa zamani Horace Busby akiwa amemwandalia maneno. Akaenda Bungeni, akahutubia, akarudi bila kuyasema. Baadaye alieleza kwamba karatasi aliiacha nyumbani.

Januari 17 ni kabla ya mashambulizi ya Tet, yale makubwa ya wakomunisti wa Vietnam, yalianza tarehe 30. Kabla ya New Hampshire. Kabla ya Bobby. Kabla ya dhahabu ya London. Kwa hiyo wote mliotaja Machi, mnaeleza kitu kilichokuwa kimeshaanza.

#26 Kibaraza cha Jioni

Aaah Bi Shangazi. Mtu anayeandika barua ya kuacha kazi akaisahau nyumbani, huyo ameamua? Kila mfanyakazi ana barua hiyo kwenye droo. Siku anayoitoa ndiyo yenye maana, na aliitoa baada ya kuona upepo. Gallup, ule uchunguzi wa maoni ya watu, Machi ulikuwa unampa 36% tu ya wanaomkubali. Wisconsin kura zilikuwa zipigwe 2 Aprili na watu wake walishamwambia hali mbaya. Zilipopigwa, jina lake likiwa bado kwenye karatasi, McCarthy alizoa 56%.

#27 Dokta Mitishamba

Na mkewe, Lady Bird, alikuwa akimtaka apumzike kwa muda mrefu. Hata 1964 Johnson aliwahi kuandika tamko la kukataa kugombea, siku hizohizo za Atlantic City alizotaja Salma. Mkewe ndiye aliyemwandikia kumtia moyo aendelee.

#28 Salma Kizimkazi

Kwa hiyo ni tabia yake. Kila akibanwa anatishia kuondoka ili abembelezwe. Nawajua wanaume wa hivyo.

#29 Mla Bisi

Nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta.

#30 Bint Mtwara

Naongeza kitu cha nyumbani kwake. Asubuhi ya 31 Machi hiyohiyo, kabla ya saa moja na nusu, binti yake mkubwa Lynda alifika Ikulu na ndege ya usiku kutoka California. Alikuwa amemsindikiza mumewe, Charles Robb, kapteni wa wanamaji, anakwenda Vietnam. Na alikuwa mjamzito. Kaingia amechoka, macho mekundu, akamuuliza baba yake kwa nini mumewe lazima aende kupigana kulinda watu wasiotaka kulindwa.

Mimi nina kaka yangu jeshini. Sihitaji dhahabu ya London kuelewa jioni yake ilivyokwenda.

#31 Mhasibu Mkali

Dada Bint, wanawake wangapi wa Marekani walikuwa na waume Vietnam wakati huo? Askari walikuwa zaidi ya nusu milioni. Mwaka ule wa 1968 pekee walikufa zaidi ya 16,000. Hao hawakuwa na baba wa kumuuliza mezani. Na wenye pesa watoto wao walikuwa vyuoni wamesamehewa kuitwa.

#32 Bint Mtwara

Ndiyo. Na yule mzee wangu wa tai na koti la kuazima alikuwa mmoja wa waliosamehewa, alilisema mwenyewe na hakulipenda. Ndiyo maana alikwenda kubisha hodi kwenye theluji.

#33 Msomi wa Mabibo

Turudi kwenye vita basi. Kitu kilichogeuza sera ni kikao cha 25 na 26 Machi. Johnson aliwaita wale wazee wa busara wa mambo ya nje, akina Dean Acheson, watu waliojenga Vita Baridi kwa mikono yao. Novemba 1967 walimwambia songa mbele. Machi wengi wao wakamwambia tafuta njia ya kutoka. Na waziri mpya wa ulinzi, Clark Clifford, aliyeletwa akidhaniwa ni mtu wa vita, alikuwa ameshageuka ndani ya mwezi mmoja. Johnson akauliza nani kawalisha sumu hawa watu. Siku tano baadaye, hotuba.

Kwa hiyo inawezekana alikuwa mkweli: ukitaka amani iaminike, jiondoe, usionekane unatafuta kura kwa damu za watu.

#34 Baharia Mstaafu

Kwani katiba ilimruhusu kugombea tena? Alishakaa kipindi cha Kennedy, akakaa chake. Viwili. Labda mjadala wote huu hauna maana.

#35 Bi Shangazi

Ilimruhusu. Marekebisho ya 22 yanasema ukirithi kipindi cha mwenzako kwa miaka miwili au chini ya hapo, unaweza kuchaguliwa mara mbili. Yeye alirithi miezi kumi na minne. Baharia, wewe leo umeamua.

#36 Baharia Mstaafu

Nachangamsha uzi. Bila mimi mngelala saa ngapi?

#37 Dereva Chicago

Wakuu, naendesha teksi Chicago, napita Grant Park karibu kila siku. Mmesahau kilichofuata. Siku nne baada ya hotuba, King kauawa Memphis, alikokwenda kuwaunga mkono wazoa taka waliogoma baada ya wenzao wawili kusagwa na lori la taka. Miji zaidi ya 100 ikawaka, upande wa magharibi wa mji huu kuna viwanja mpaka leo vitupu, nyasi tu. Juni kauawa Bobby. Agosti mkutano mkuu wa Wademokrati ukaja hapa, Meya Daley kamwaga polisi, vijana wakapigwa virungu mbele ya hoteli ya Hilton, kamera zinaona kila kitu. Ripoti iliyofanywa baadaye ikawataja polisi kwamba ndio waliofanya ghasia.

Na ndani ya ukumbi wajumbe wakampa Humphrey, makamu wa Johnson, mtu ambaye hakugombea kura ya maoni hata ya jimbo moja!

#38 Mla Bisi

WAJUMBE SIO WATU WAZURI 😂😂 kumbe tangu 1968.

#39 Kibaraza cha Jioni

Hahaha, wajumbe ni walewale dunia nzima.

#40 Salma Kizimkazi

Ndio maana baada ya hapo tume ya Seneta McGovern ikabadili kanuni, wajumbe wapatikane kwa kura za wanachama, na wanawake, vijana na weusi wawemo. Mbegu ya Fannie Lou Hamer hiyo. Yeye mwenyewe aliingia ukumbi ule wa Chicago kama mjumbe halali wa Mississippi, watu wakasimama kumpigia makofi. Hilo televisheni hazikulirudia kama virungu.

#41 Dereva Chicago

Sasa Kibaraza, nikuongezee pilipili. Kuna wanahistoria wanaosema Johnson wiki ile ya Chicago alikuwa shambani kwake Texas anafuatilia kila kitu kwa simu, na kwamba alikuwa anatamani wamwite arudi. Tarehe 27 Agosti ilikuwa birthday yake, anatimiza 60. Kulikuwa na mpango aje Chicago siku hiyo. Usalama wakasema hali haifai.

#42 Kibaraza cha Jioni

Nilisema mimi! Aliyeondoka kwa hiari hapigi simu kuuliza kiti chake kina nani.

#43 Dokta Mitishamba

Au ni mgonjwa aliyestaafu akachoka kukaa nyumbani. Hao nawaona kila wiki.

#44 Bi Shangazi

Kibaraza, swali lako la kwanza hujalijibu: "rais gani anaachia kiti bila kulazimishwa?" Truman, 1952, aliposhindwa New Hampshire kwa kweli, na vita vya Korea juu ya meza. Na hapa kwetu Mwalimu 1985. Nao walikimbia?

#45 Mzee wa Gerezani

Bi Shangazi, hapo pa Mwalimu mtafungua uzi mwingine na mimi kesho naamka kuswali alfajiri.

#46 Mhasibu Mkali

Truman tena alikuwa na tatizo la bei na mishahara ya viwanda vya chuma. Pesa, wandugu. Pesa.

#47 Baharia Mstaafu

Huyo Truman si ndiye aliyekuwa na mkongojo na kiti cha magurudumu?

#48 Bi Shangazi

Huyo ni Roosevelt. Mods, mfungieni huyu mzee mpaka Ijumaa.